Masomo yangu ya Kiswahili yako huria mtandaoni: yapi ni yangu kuyatoa?

MwalimuWaSarufi ameuliza:

Salaam wadau. Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa kaunti ya Kilifi, mwajiri wangu ni TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Shule zilipofungwa Machi 2020 wanafunzi wangu walitawanyika, wengine wakarudi Ganze kwa nyanya zao, wengine wakawa wanauza mabuyu hapa mjini. Nikaanza kurekodi vipindi nyumbani kwa simu: ngeli, vishazi, uakifishaji, isimujamii. Simu naiegemeza kwenye kopo la majani ya chai, ubao ni kipande cha plaiwudi nilichokipaka rangi nyeusi. Video nikaziweka YouTube, na maandishi yake nikayaweka Telegram kama PDF, maana kurasa sita hazili bando kama video ya dakika ishirini. Chini ya kila faili niliandika: "Tumia, gawa, usiuze."

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 sikuacha, ila nikawa narekodi darasani, kwa sababu somo la sarufi bila wanafunzi wa kubishana nawe ni mahubiri. Video inayotazamwa kuliko zote ni ya ile sentensi yenye maana nyingi mnayoijua wote: "Juma alimpigia Asha mpira." Mimi nilikuwa nimeandika maana tatu ubaoni. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainuka akasema kuna ya nne: mpira ni wa Asha mwenyewe, Juma kaupiga tu. Darasa zima likapiga makofi.

Sasa yamenifika mambo kadhaa kwa mpigo.

Mwenzangu wa Kaloleni alinitumia faili aliyoinunua kwa shilingi 50 kwenye tovuti moja ya maswali na majibu ya Karatasi ya Pili ya mtihani wa kitaifa wa Kiswahili. Ni yangu. Mifano ni yangu, hata kosa la chapa la ukurasa wa nne liko pale pale. Jina langu limekatwa, pamewekwa nembo yao na nambari ya kulipia ya M-Pesa. Na maana ya nne ya yule msichana wameinakili neno kwa neno.

Nilipomweleza mwalimu mkuu, jibu lake lilikuwa kwamba kazi hiyo si yangu ya kuilalamikia, ni ya shule. Darasa ni la shule, chaki ni ya shule, saa ni za kazi. Anataka video zote nizihamishie chaneli ya shule.

Halafu akaja mama yake yule msichana. Alikuja kwa adabu zake, tukaketi chini ya mwarobaini, akaniambia: "Mwalimu, sina neno na masomo. Lakini binti yangu anaonekana na watu nisiowajua, na kuna mmoja ameshamwandikia." Video niliiondoa jioni ile ile. Lakini nakala zimeshaenea kwenye vikundi vya Telegram, na mwalimu mkuu anasema mama alitia sahihi fomu ya kujiunga inayoruhusu "picha kwa matumizi ya shule", basi hana la kudai.

Na kuna hili dogo ambalo si dogo: wanafunzi nisiowajua, wa Kisii, wa Lodwar, hata wa Tanzania, wananiandikia faraghani saa tano za usiku. Wengi wanauliza ufupisho. Si wote wanaouliza ufupisho.

Tafadhali asije mtu kuniambia nifute kila kitu. Kuna watoto ambao shule yao haina mwalimu wa Kiswahili na wananitegemea. Nataka kujua nina haki gani, kwa nani, na ni nini ambacho sikuwa na mamlaka ya kukigawa.

---

Kibiriti_Ngoma amejibu:

Mwalimu pole, lakini wewe unalipwa mshahara kwa kodi yetu. Umeweka bure, watu wakachukua. Huyo anayeuza amepanga vizuri, ameweka yaliyomo na majibu nyuma. Mdogo wangu alinunua na akapita. Sasa ulitaka nini, pesa au sifa?

---

MhaririMtaani amejibu:

Kibiriti, alitaka jina lake libaki juu ya kazi yake na mtoto wa Ganze asitozwe shilingi 50 kwa kitu alichopewa bure. Hilo la pili limeandikwa chini ya faili.

Mwalimu, mimi nilishika chaki kabla ya kuingia uhariri wa vitabu vya kiada Nairobi. Si wakili, lakini sheria hizi ndizo ninazoshinda nazo.

Muuzaji mwache kidogo, tuanze na mwajiri. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi ikitungwa katika utekelezaji wa ajira, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Haya, mwajiri wako ni nani? Umeshasema: TSC. Ungekuwa umeandikwa na bodi ya shule, mwalimu mkuu angekuwa na pa kusimama. Kwa hali ilivyo, wewe unasema yangu, yeye anasema ya shule, na huenda kwa vile vipindi vya darasani mnagombania cha mtu wa tatu ambaye hata hayupo kwenye mazungumzo. Vya 2020 ni tofauti. Shule zimefungwa, simu yako, plaiwudi yako, hakuna aliyekutuma. Hapo una hoja nzito. Vilivyorekodiwa saa za ratiba mbele ya darasa ulilopangiwa, hoja inapungua uzito, na sitakudanganya.

Lakini soma tena yale maneno ya mwisho, "isipokuwa wamekubaliana vingine". Mwandikie mwalimu mkuu na bodi barua ya ukurasa mmoja, nakala iende ofisi ya TSC ya kaunti: shule itatumia masomo yote bila malipo, jina lako litabaki, nawe utaendelea kuyachapisha huria. Mwalimu mkuu mwenye busara atatia sahihi, kwa sababu hapati hasara yoyote. Na hata pale ambapo hakimiliki imehama, kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutajwa kuwa ndiwe mtunzi na ya kupinga kazi yako isipotoshwe. Kwa hiyo chaneli ya shule ikiweka video zako bila jina lako, una la kusema.

Jambo hili lazima litangulie kwa sababu leseni huria hutolewa na mwenye mali, si na mwenye moyo mwema. Hayo maneno yako, "Tumia, gawa, usiuze", yanakaribiana sana na leseni ya CC BY-NC ya Creative Commons, shirika linalotunga leseni za kugawa kazi huria: taja jina, usifanye biashara. Leseni hizo zipo tangu 2002 na UNESCO ilipopitisha Pendekezo lake la Rasilimali Huria za Elimu Novemba 2019, leseni za namna hiyo ndizo ilizokuwa ikizungumzia. Ukiwa na hakika kuwa kazi ni yako, iandike leseni kwa jina lake ili asijitokeze mtu kesho kusema hakuelewa. Ila angalia: kwenye YouTube, ukichagua kisanduku cha Creative Commons unapata CC BY, ambayo inaruhusu biashara. Kama hutaki iuzwe, acha leseni ya kawaida ya YouTube na masharti yako yaandike kwenye PDF.

Sasa huyo mama. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote, na naona wengi humu wataliruka wakimkimbilia mwizi.

Leseni ya Creative Commons hairudishwi. Unaweza kuacha kuitoa, lakini aliyekwisha kupata nakala anaendelea nayo kwa masharti yale yale. Upande wa pili kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 33 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, tena kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto huyo. Na idhini hiyo mtu anaweza kuiondoa wakati wowote. Ziweke pamoja: ruhusa isiyorudi, ndani yake mna sura ya mtoto ambaye mama yake anaweza kuirudisha idhini Jumatatu asubuhi. Haziwezi kukaa kwenye faili moja. Leseni zenyewe zinasema wazi kuwa haki ya faragha ya watu waliomo haimo katika kinachotolewa. Sarufi yako igawe hadi Zaire ya zamani ukitaka. Sura, jina na sauti ya mwanafunzi visiingie kabisa kwenye faili unayoiita huria, hata kama mzazi amekubali leo.

Ile fomu ya kujiunga isiwape usingizi. "Matumizi ya shule" ni ubao wa matangazo na jarida la shule. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Mwonyeshe mwalimu mkuu kiasi hicho kabla hajazihamishia video kwenye chaneli ya shule. Nadhani hamu itapungua.

Muuzaji sasa. Hakimiliki haisubiri usajili, huzaliwa kazi inapoandikwa. Hifadhi faili asilia yenye tarehe, ujumbe wa M-Pesa wa mwenzako, na picha za ukurasa wa tovuti ile. Lile kosa la chapa la ukurasa wa nne usilisahihishe bado, ni shahidi wako bora. Waandikie kwanza, wape muda, wakikaidi nenda KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Na la mwisho, usinichukie. Nimeiona chaneli yako, plaiwudi imekutaja. Kuna mfululizo ambamo unasoma tamthilia ya kutahiniwa onyesho kwa onyesho, tangu ukurasa wa kwanza. Kuchambua wahusika na kunukuu mistari ukimtaja mwandishi, sheria inakuruhusu kama uhakiki. Kuisoma tamthilia nzima hadharani ni kuigawa. Mwandishi yule naye ni mwalimu, naye angependa watu wasiuze wala kugawa asichokigawa.

---

Mwl_wa_Webuye amejibu:

Mhariri amemaliza mambo ya vifungu. Mimi nina la saa tano usiku.

Nina kikundi cha Telegram cha insha na fasihi simulizi, kimejaa watoto ambao sijawahi kuwaona. Kanuni yangu ni kwamba swali lolote linaulizwa kikundini. Anayeniandikia pembeni anapata jibu moja tu, nimelihifadhi kwenye simu: "Uliza kule, na wenzako wafaidike." Msimamizi mwenza ni mwalimu wa kike wa shule jirani, naye anaona kila kinachoandikwa. Saa mbili usiku kikundi kinafungwa, na sasa wameshazoea kama wanavyozoea kengele. Insha wanazotuma nasahihisha kwa nambari, si kwa jina, maana insha ya mtoto ina mambo ya nyumbani kwao, baba mlevi, dada aliyetoroka, na ukiionyesha kwa jina umemwanika.

Usiku mmoja huwa si ufupisho kweli. Mtoto anaandika jambo linalomtendekea. Hapo usiwe mshauri wa siri, hata kama anakuomba usimwambie mtu. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unataka mwalimu aliyepata habari ya mwanafunzi kunyanyaswa kingono atoe taarifa ndani ya saa 24. Haujasema "mwanafunzi wa darasa lako". Mpe mtoto nambari 116, ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, nawe upeleke taarifa. Usifute mazungumzo, yanakulinda na wewe pia. Nawajua walimu wazuri walioogopa wakafuta, kisha hawakuwa na cha kuonyesha.

Kingine: usikubali "asante ya bando" kutoka kwa wazazi, hasa wa wanafunzi wako mwenyewe na hasa wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza masomo ya likizo, na mtu akitaka kukuchongea hatajali kama ilikuwa shilingi 20.

---

MamaWatatu amejibu:

Mimi ni mzazi, si mwalimu. Kinachonikera ni kwamba hatuulizwi, tunaarifiwa. Fomu inakuja na karo, na sare, na orodha ya karatasi za kuchapishia, unatia sahihi kila mahali ili mtoto apokelewe. Mwalimu angenipigia simu akaniambia "nataka kuweka video hii, tazama kwanza," ningekubali. Huyo mama chini ya mwarobaini hakuja kugombana, mbona mwalimu mkuu anamtolea karatasi?

---

Ticha_Moro amejibu:

Habari za kazi walimu. Niko Morogoro, na wanafunzi wangu ni baadhi ya hao Watanzania wanaokusumbua, samahani kwa niaba yao. Ngeli zako tunazitumia, ingawa huku mtaala wetu una mpangilio wake.

Huku nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, kwa hiyo mkuu wa shule anayesema "mzazi alisaini" angekumbana na maswali hayo hayo. Nilichofanya mimi ni kuliweka darasa nje ya kamera lakini nisiue mabishano. Baada ya kipindi naandika maswali waliyouliza, jioni nakaa na mwenzangu wa staffrum, yeye anakuwa mwanafunzi mbishi, mimi mwalimu. Anaigiza hadi anazidisha. Wanafunzi wanacheka kwa sababu wanajitambua, na hakuna sura ya mtoto hata moja. Notsi zinatoka na majina yetu wawili.

Kuhusu wauzaji wa notsi, huku wako kila stendi, wanatoa fotokopi. Mimi nimeacha kuwakimbiza. Kila ukurasa naandika katikati ya sentensi ya mfano, "Mwalimu wa Morogoro anagawa kitini hiki bure." Wakikata juu na chini, mfano unabaki. Wavivu hawausomi.

---

Kibiriti_Ngoma amejibu:

Hiyo ya mfano katikati ya sentensi nimeipenda. Uchanganuzi wa sentensi hiyo nao utakuwa swali la mtihani.

---

MwalimuWaSarufi amejibu:

Asanteni sana, nimewasoma wote, wengine mara mbili.

Barua nimeiandika. Mwalimu mkuu aliisoma akanyamaza, kisha akauliza hiyo shule ya Uthiru ililipa kutoka mfuko upi. Hajatia sahihi, amesema itapelekwa kwenye kikao cha bodi. Ila habari ya kuhamishia video chaneli ya shule sijaisikia tena.

Video zote za darasani nimezifunga, za nyumbani zimebaki. Kwenye vikundi vya Telegram nimewaandikia wasimamizi mmoja mmoja kuomba wafute ile ya "Alimpigia mpira". Wengi wamekubali. Kimoja hakijibu, na hicho nimekiripoti kwa Telegram wenyewe. Yule aliyemwandikia binti, mama na mimi tulikwenda kituoni kwenye dawati la watoto tukaandikisha taarifa.

Somo lenyewe nimelirekodi upya kwa mtindo wa Ticha, na mwalimu wa Jiografia ndiye mwanafunzi mbishi. Hapo ndipo tukakwama kidogo. Maana ya nne si yangu, na sikuona haki kuisema kana kwamba niliiota mwenyewe. Mama anataka jina lisitajwe. Binti anataka litajwe, tena yote mawili, na la ukoo. Nimeandika "mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu", na akanitazama jicho ambalo walimu wa wasichana mnalijua. Nimemwambia akifika miaka kumi na minane na bado anataka, nitalibadilisha.

MamaWatatu, nilichokosa kukijua ni hicho cha kupiga simu kwanza mzazi atazame. Nimekianza, hata kwa picha za mashindano ya ushairi. Baba mmoja alitazama akasema sawa, ila nikate pale ambapo mwanawe amevaa kandambili.

Tovuti ile ilijibu. Hawakukana. Waliuliza kama ningependa "ushirikiano wa mapato". Nimekataa kwa maandishi, na kama faili bado iko pale wiki ijayo, KECOBO.

Mhariri, la tamthilia sikubaliani nawe moja kwa moja. Darasani mwangu kitabu kimoja kinasomwa na watano, na anayekaa mbali hakioni hadi zamu yake ifike. Unaniambia mwandishi ni mwalimu kama mimi, sawa, lakini na hawa watano ni nani wa kuwasomea? Nimeushusha mfululizo kwa sasa, na nimeandikia shirika la uchapishaji kuomba ruhusa ya kusoma maonyesho mawili tu ya mwanzo na kuchambua yaliyobaki. Kama unamjua mtu wa haki za kazi pale kwao anayejibu barua pepe, niambie ni kitengo gani nikiandikie, maana anwani iliyo nyuma ya kitabu imenirudishia ujumbe.